Lenzi za Bi Riziki

Bi Riziki alipopasuliwa mtoto wa jicho, aliwekewa lenzi zinazorekebishwa kwa simu. Kwa mujibu wa sheria, simu hiyo alikabidhiwa mwanawe Sudi, msimamizi wake. Wiki mbili Bi Riziki alisoma msahafu bila taabu. Asubuhi moja Zuhura, mke wa Sudi, alimletea chai, naye Bi Riziki akaona shavu la mkwewe limevimba.

"Nani kakupiga, mwanangu?"

Sudi, aliyekuwa mlangoni, aligusa ile simu ya lenzi, na uso wa Zuhura ukageuka ukungu.

"Mama, macho yako yamechoka. Umeona nini?"

Bi Riziki alilipapasa lile shavu. Lilikuwa la moto, limelowa machozi.

"Sikuona kitu, baba."

Kesho yake aliamka anaona vizuri. Zuhura alipoingia na chai, Bi Riziki aliinamisha macho.