Mwalimu wa Mbale

Insha ile Mwalimu Gorreti alikwisha kuisahihisha. Aliipa kumi na nane juu ya ishirini, akapiga tiki moja, akaweka herufi yake ya G yenye mkia mrefu uliojikunja, akaisahau. Jumatatu mtoto kairudisha mezani, imeandikwa upya mwanzo hadi mwisho.

"Shallon, alama si nilishakupa?"

"Ulinipa, Madam. Lakini Mwalimu wa Mbale anasema insha ya kwanza ni ya kusafisha koo tu. Kusema kunakuja baadaye."

Gorreti akaweka kalamu chini. Tangu masomo yawe ya bure mwaka uliopita, darasa lake pale Mpumudde lilikuwa na watoto tisini na wawili, na kati ya hao wote huyu ndiye aliyekuwa akimjivunia. Binti wa sajini aliyehamishiwa Jinja mwezi wa kwanza. Mama yake, mmoja Topista, alizipita shule mbili za karibu akamwandikisha hapa, na Gorreti alilichukua hilo kuwa sifa yake. Leo mtoto huyohuyo anamletea maneno ya mwalimu mwingine, tena usoni.

"Huyo Mwalimu wa Mbale unakaa naye saa ngapi?"

"Jioni, nikimaliza kuosha vyombo."

"Kwani amehama nanyi?"

"Ndiyo, Madam. Mama hakukubali kumwacha."

Haya basi. Sajini anafuga mwalimu nyumbani! Gorreti aliijua Mbale; alifundisha shule ya Nabuyonga miaka mitatu, akiwa binti aliyetoka chuo, kabla ya kuolewa huku Jinja kwa akina Kirunda. Hakumkumbuka mwalimu hata mmoja wa kule aliyestahili kupakiwa kwenye lori pamoja na magodoro.

"Anakupa ngapi juu ya ishirini?"

"Hatoi alama, Madam. Anaandika pembeni, kwa wino mwekundu."

"Na hachoki?"

"Hachoki kabisa."

Hilo ndilo lililomchoma. "Ni kasichana kalikotoka chuo juzi," alimwambia Mwalimu Wasike wakinywa chai. "Kape watoto tisini, tuone kama katapata pumzi ya kuandika pembeni." Wasike akajimiminia chai nyingine. Naye Gorreti alijijua. Hakumbuki mara ya mwisho kuandika neno lolote kwenye daftari la mtoto. Tiki, G, lete linalofuata.

Kisha ikaja barua ya mashindano ya insha ya shule za mashariki. Zawadi zingetolewa Mbale, na mshindi angepanda jukwaani na mwalimu wake. Miaka ishirini na saba Gorreti ameshika chaki, jukwaa halijui. Aliitaka siku hiyo mpaka akajionea aibu.

Lakini kila wiki "Siku Tuliyohama" ya Shallon ilirudi na sura nyingine. Mara ya tatu. Mara ya tano. "Mwalimu wa Mbale anasema bado kidogo," mtoto anasema, wala hana kinyongo, na wivu unampanda Gorreti mpaka kooni. Mbona yeye hakuwahi kuambiwa "Mwalimu Gorreti anasema"?

Siku ya mwisho ya kutuma, uvumilivu ukamshinda. "Inatosha. Tutapeleka ile ya kwanza, niliyoisahihisha mimi."

Shallon hakubisha. Aliiweka ya nane mezani, machozi yakimlengalenga, akatoka.

Gorreti akatia ya kwanza kwenye bahasha. Tulihama kwa lori. Tulifurahi sana. Kabla ya kulamba gundi akaitupia jicho ile ya nane, kwa roho mbaya tu, atafute kosa. Lori lilikuwa lilelile. Ila sasa ndani yake mlikuwa na kuku kwenye beseni aliyetaga walipofika Iganga, na baba askari aliyelibeba lile yai ndani ya kofia yake mpaka Jinja, na mama aliyepakata mkebe wa biskuti njia nzima, hataki mtu auguse. Neno "tulifurahi" halikuwemo tena. Furaha uliiona mwenyewe.

Akasonya. Akabadilisha karatasi, akafunga bahasha, akamlaani mwanamke asiyemjua.

Shallon akashinda.

Ukumbini Mbale, Gorreti alikaa safu ya mbele amevaa gomesi mpya ya zambarau, mkanda umemkaza. Mtangazaji akamwinamishia mtoto maikrofoni.

"Na nani amekufundisha kuandika hivi?"

Gorreti alikwisha kunyanyuka nusu.

"Mwalimu wa Mbale," Shallon akasema. "Mama amekuja naye."

Gorreti akaketi. Ukumbi mzima ukageuka, naye akageuka pia, maana alitaka walau aione sura ya mwizi wake. Mke wa sajini alikuwa akija katikati ya viti, amekumbatia mkebe wa biskuti. Gorreti akachungulia nyuma yake, akimtafuta yule kasichana. Hapakuwa na mtu.

Topista hakuelekea jukwaani. Alikuja moja kwa moja mpaka safu ya mbele, akapiga goti, akafungua mkebe, akatoa daftari kuukuu na kumkabidhi Gorreti kwa mikono miwili, likiwa limefunuliwa.

Karatasi ilikwisha kuwa rangi ya chai. Juu, kwa mwandiko wa mtoto: Darasa la Sita, Nabuyonga, 1972. Pembeni, kwa wino mwekundu uliofifia: "Topista, umesafisha koo. Sasa sema."

Na chini yake G, mkia wake mrefu umejikunja.