Mkanda wa Pezi

Zamoyoni aliuvuta tu mkanda wa kisigino, ukamkatikia mkononi.

Pezi lenyewe la kuzamia, ambalo watu hapo machimboni walishalibatiza mguu wa bata, halikuwa na neno. Alilikunja likarudi, akaingiza mguu ukakaa barabara. Mkanda ndio uliooza, raba imepasukapasuka kama kisigino cha mkulima. Wa pezi la pili vilevile.

“Ndiyo mapezi mapya uliyonisifia haya?” Zamoyoni alifoka. “Duara limejaa maji, chini giza tupu. Yakinichomoka huko, utazika wawili!”

Tajiri, mwenye duara hilo la kuchimbia madini, akacheka. “Acha maringo, bwana mzamiaji. Nenda pekupeku. Kwani maiti ana haraka?”

Waombolezaji wakaguna. Ilikuwa siku ya tatu mjane amekaa juu ya kifusi, akingoja mumewe aliyezama duarani atolewe akazikwe.

“Baba,” mjane akamwambia Zamoyoni, “hakuna hata kipande cha mpira wa tairi, ukafungia?”

“Upo, mama. Tena mpya.”

Akachomoa kisu, akapenya katikati ya watu hadi kwenye pikipiki ya tajiri, akachuchumaa mbele ya gurudumu.