Kwale Aliyefyeka Vichaka

Palikuwa na Kwale mwenye vifaranga saba, na kwake kumejaa vichaka vya mitunguja vilivyojiotea. Tausi akamcheka, "Shoga, unaishi porini kama huna kwenu?"

Kwale akaona haya. Akafyeka vichaka vyote, akapanda nyasi fupi za kigeni, laini kama zulia.

Asubuhi moja kivuli kikapita juu ya nyasi, kikarudi, kikapita tena, chini zaidi.

"Mama Kwale, hongera kwa bustani," Mwewe akasema kwa upole. "Siku zote nilikuwa napita hapa nisione hata mtoto mmoja."

Kwale akatafuta pa kukimbilia, asipaone. Akawaita wanawe, akatandaza mabawa. Yakatosha kuwafunika watatu tu.