Pimbi na Marufuku ya Salamu

Jumatatu asubuhi, wanyama wa bwawani walipiga marufuku salamu. Aliyeomba ni Pimbi. Kila siku Kindi ndiye aliyesalimiwa kwanza, na roho ilimuuma Pimbi.

“Asisalimiwe mtu,” alimwambia mkuu wao, Mzee Nyati.

“Hata wewe?”

“Hata mimi, mradi yule asipate.”

Alhamisi, Pimbi alitumbukia katika shimo la muhanga. Nyati na Kindi wakapita.

“Nitoeni,” aliita.

“Nani huyu anaomba bila salamu?” Nyati aliuliza. Kwao hilo lilikuwa tusi, na ombi halikusikilizwa kabla salamu haijaitikiwa.

“Shikamoo, mzee. Kindi, hujambo ndugu yangu?”

Kindi alifungua mdomo ajibu.

“Marufuku,” Nyati alimkumbusha, wakaenda zao.

Hadi Ijumaa jioni Pimbi alikuwa bado shimoni, akimsalimu kila aliyepita.