Rambirambi za Mkurugenzi

Mjane alikataa chai, akakataa na sofa, akakaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango, simu ameikumbatia kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kifaranga.

Mkurugenzi alitoka nyuma ya meza yake, akavuta kiti, akaketi naye. Moyoni alishukuru. Tangu asubuhi alikuwa akiwaza atampataje mama huyu, na tazama, amejileta mwenyewe. Kesho wakuu wa makampuni wangekuja kiwandani kuiona ile mashine mpya ya akili bandia, inayowaandikia wafanyakazi barua na salamu kwa jina la mkurugenzi. Kilichokosekana ni mtu mmoja tu wa kusimama na kusema imemfaa.

Marehemu alikuwa fundi umeme wa kiwanda. Wenzake walimwita Taratibu, kwa kuwa hata kengele ya chakula haikumkimbiza. Siku ile umeme haukuwa na subira naye.

Enzi za baba yake mkurugenzi, msiba kama huo ungewatoa kazini watu wazima watatu kwenda kwa wafiwa, siku nzima ikapotea. Na mzee mwenyewe hakuwa na maneno. Akifika kwa watu hukohoa, huomba maji, huangalia chini. Mashine haikohoi. Jina likishaingizwa, maneno hutoka papo hapo, na matamu. Mkuu wa wafanyakazi alipouona ule ujumbe wa rambirambi uliotumwa kwenye simu ya mjane alifuta macho, akasema, "Bosi, hii mashine ina uchungu kutushinda sote." Wakacheka kidogo, kisha wakaona haya.

Mjane akaomba asomewe. Alisema macho yake hayamsaidii siku hizi, na binti yake aliusoma mbio mbio, hata mwisho hakufika.

Mkurugenzi akasoma pole pole. Taratibu wetu ametutangulia. Alikuwa mtu asiyeinua sauti, fundi aliyehakikisha wengine hawakai gizani. Mungu akupe nguvu, mama, wewe na watoto. Alipofika kwenye jina lake pale chini alilitazama mara mbili, maana ndiyo kwanza anausoma.

"Maneno mazuri," mjane alisema. "Uliyaandika wewe mwenyewe, mwanangu?"

"Yametoka kwangu, mama."

"Mchana ule ule?"

"Mara tu nilipoletewa habari. Sikutaka tukuache peke yako na majonzi."

Mjane alitikisa kichwa taratibu, akairudisha simu kifuani.

Mkurugenzi akaona hapo ndipo pa kusemea. Akamweleza kwa upole habari ya wageni wa kesho. Hatatakiwa kusema mengi; aeleze tu ujumbe ulivyomkuta, na jinsi ulivyomtuliza moyo. Gari litamfuata nyumbani na kumrudisha. Akikataa, hakuna atakayemlaumu. Hilo la mwisho alilisema haraka kidogo.

Mjane aliinama, midomo ikawa inacheza, kama mtu anayeomba dua asisikike. Nje ya dirisha mashine za kiwanda zilikuwa zikinguruma kama siku zote, na watu wa zamu ya mchana wanaingia getini wakitaniana.

Kisha akasema sawa, atakuja. Ila hajazoea kusimama mbele ya wakubwa, huenda akaharibu shughuli ya watu. Afadhali aseme hapa kwanza, ili mkurugenzi amsahihishe.

"Sema tu, mama," mkurugenzi alisema, akachukua kalamu. "Ulikukuta wapi?"

"Ulinikuta uani," mjane alisema. "Nilikuwa namwekea maji ya kuoga, najua yuko njiani anarudi."