Nataka Miguu Tu

Mnunuzi aliinama, akafuta vumbi kwenye miguu ya chuma ya cherehani. "Nataka miguu tu, mama," alisema. "Natengeneza meza. Kichwa baki nacho."

Tangu miguu ya mama ipooze, cherehani ilikuwa ya kuanikia taulo. Asubuhi hii alikuwa amekubali iuzwe, shingo upande.

"Chukua, mwanangu," akacheka. "Miguu ndiyo iliyonishinda humu ndani."

Mnunuzi akafungua skrubu, akakiweka kichwa kwenye stuli mbele ya mama.

Mama akalishika gurudumu dogo la ubavuni, akalizungusha kwa mkono. Lilikuwa zito. Akalizungusha tena. Sindano ikashuka, ikapanda.

"We binti!" akamwita mwanawe aliyekuwa jikoni. "Kamwite fundi baiskeli. Aje anitilie mpini wa kuzungushia hapa."