Fahali wa Mahari

Fahali mwekundu alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya umeme mbele ya ofisi ya Wakili Shadya, pale Nyasubi, na wenye maduka walishaanza kulalamikia kinyesi. Mwenye fahali alikaa kwenye ngazi, miguu ameinyoosha. Mama mtu mzima, kanga mbili, kichwa amekinyoa chote. Shadya akadhani mvi zimemchosha.

"Shikamoo, mama. Huyu ng'ombe vipi tena?"

"Marahaba. Ni wako." Mama akajiinua polepole. "Natafuta wakili wa yule mwanajeshi. Luka."

Kahama nzima ilimjua Luka. Vijana walikwenda kuokota magwangala, yale mawe yanayomwagwa na mgodi yakiwa bado na chembe za dhahabu. Wanajeshi wa doria wakawakuta, risasi zikalia, na kijana mmoja wa Masumbwe, Maige, akafa. Wanadoria wote waliapa hawakufyatua. Luka ndiye aliyekutwa na damu nguo nzima, basi mzigo akatwishwa yeye. Mawakili wa mji walimkataa mmoja baada ya mwingine. Kesi ya mwanajeshi, walisema, ni kaa la moto, na kikosi chake chenyewe kimeshamruka.

Kumbe ana mama. Shadya, aliyemzika mama yake angali mdogo, akamsogelea.

"Pole sana, Mama Luka."

Yule mama akamtazama kitambo. "Nimeshapoa," akasema.

"Fahali mrudishe nyumbani. Mambo ya malipo tutaongea baadaye."

"Alikuwa wa mahari ya mwanangu. Sasa harusi haipo. Nikimwona zizini nalia tu." Alisema hivyo akiwa na macho makavu. "Mimi nataka atoke. Huko ndani hafikiki."

Hilo lilikuwa kweli. Kumwona mahabusu yule ilikuwa shughuli pevu, hata wakili alizungushwa. Shadya akaahidi kufanya kila aliwezalo, na mama akamshika mikono yote miwili.

"Wabeja, mwanangu," akashukuru kwa Kisukuma.

Luka alipoletwa chumba cha mazungumzo, alikuwa amekonda, shingo imebaki ya kuku. Aliposikia habari aliinuka kitini.

"Mama? Amekujaje na ule mguu?"

"Mguu gani? Mbona anatembea vizuri tu."

Kijana akafunika uso akalia kwa furaha. "Basi umepona," akasema. "Mungu ni mkubwa, umepona."

Toka siku hiyo Shadya alikula na kulala na kesi ile. Alimwamini Luka. Kijana alisimulia jinsi wenzake walivyokimbilia gari, na yeye akabaki, akambeba Maige mgongoni na kukimbia naye hadi zahanati. Damu ilitoka huko. Asingembeba, angekuwa kambini anakunywa chai na wenzake. Tenda wema nenda zako, wahenga walisema, lakini Luka hakupewa nafasi ya kwenda.

Kila kesi ilipotajwa, mama alikuwepo. Ndani ya mahakama hakuingia hata mara moja. Alikaa nyuma ya jengo, mgongo ukutani, wala hakuwahi kumtumia kijana hata salamu.

"Ingia umwone, Mama Luka. Atapata nguvu."

"Nitamwona siku ya kutoka. Nikimwona kabla, moyo wangu hautanitii."

Siku mtaalamu wa silaha alipotoa ushahidi, Shadya alitoka mbio kumwambia. "Tumeshinda, mama! Risasi iliyomuua Maige haikutoka kwenye bunduki ya Luka."

Mama alichora chora mavumbi kwa kidole. "Damu ilikuwa kwenye nguo za nani?"

"Za Luka. Lakini kwa sababu alimbeba."

"Hayo ya bunduki ni ya wasomi," akasema mama. "Wewe mtoe tu."

Shadya aliona ni uchovu. Mzazi akishateseka kiasi kile, hata habari njema humpita.

Hatimaye jaji akatamka kwamba Luka hana kesi ya kujibu. Shadya alilia waziwazi na joho lake mwilini, wala hakuona haya. Akatoka kwenda kumtafuta mama, akamkuta amesimama nyuma ya jengo na wanaume kadhaa wenye migolole mabegani na fimbo mikononi.

"Hawa ni wajomba," mama akasema. "Tumekuja kumpokea. Mpitishe mlango huu wa nyuma, mwanangu. Kule mbele kuna polisi na watu wengi, watatusumbua."

Shadya akaona ni busara. Akarudi ndani, akangoja Luka asaini na kukabidhiwa mkanda wake, kisha akamshika mkono na kumpitisha kwenye korido hadi mlango wa nyuma. Akaufungua mwenyewe.

Jua lilimpiga Luka usoni. Akaangaza huku na huku, anacheka.

"Mama yuko wapi?"

"Si yule pale?"

Luka akatazama. Kicheko kikakatika.

"Wakili, yule mimi simjui."

Mmoja wa wajomba akasogea mbele. "Mama Maige," akauliza, "ndiye huyu?"

"Ndiye." Yule mama akajifunga kanga vizuri kiunoni, akamgeukia Shadya. "Wabeja, mwanangu. Sasa wewe nenda nyumbani."